Kiti kisicho na bei katikati ya jiji

Mfanyabiashara wa mpakani anaijua vizuri saa nane ya mchana. Mzigo umeshanunuliwa na kufungwa, umeachwa kwenye ofisi ya basi, na basi lenyewe halitoki hadi usiku. Zimebaki saa tano au sita za kukaa katika jiji ambalo si lake.

Hapo ndipo anapogundua kwamba katikati ya Nairobi kila kiti kina bei. Hotelini chai ikiisha, mhudumu anakuja kupangusa meza na kusimama hapo hapo. Kwenye baraza la duka, mlinzi anauliza unamsubiri nani. Kukodi chumba kwa saa chache ni kula faida ya mashati kadhaa. Wengi huishia kusimama kando ya barabara, mkono mmoja kwenye mfuko wa pesa, wakisubiri jua lizame.

Lakini umbali mfupi kutoka Barabara ya Biashara, yenye maduka ya vitambaa, ipo Barabara ya Banda. Huko, jirani na Msikiti wa Jamia, kuna jengo la nguzo nene lenye sanamu za simba mlangoni. Anayelipita kwa mara ya kwanza anaweza kudhani ni benki au mahakama. Ni Maktaba ya McMillan, mali ya umma, iliyo chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi.

Mlango uliokuwa na wenyewe

Maktaba hiyo ilifunguliwa mwaka 1931. Lucie McMillan aliijenga kwa kumbukumbu ya mumewe, William Northrup McMillan, mlowezi mzaliwa wa Marekani aliyefariki mwaka 1925. Sehemu ya fedha za ujenzi ilitoka kwa shirika la Carnegie la Marekani. Baadaye bunge la kikoloni lilitunga sheria maalumu ya kuilinda.

Kwa zaidi ya miaka 25, jengo hilo lilikuwa la Wazungu peke yao. Mwafrika na Mhindi walifanya kazi, walilipa kodi na kufanya biashara katika barabara zinazolizunguka, lakini viti vya ndani havikuwa vyao. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa rangi zote mwaka 1958. Mwaka 1962, uhuru ukiwa umekaribia, halmashauri ya jiji iliichukua.

Marufuku iliondoka, lakini woga haukuondoka wote. Ngazi pana na nguzo ndefu bado humtisha mtu mwenye vumbi la safari kwenye viatu. Anajiuliza kama ataulizwa shahada yake, au kama mahali hapo si pa wanafunzi na wakubwa tu. Haulizwi shahada. Masharti ya maktaba karibu zote ni machache na yanafanana: mkoba unaachwa mlangoni, simu inanyamazishwa, chakula kinabaki nje, na kila mtu anamwachia jirani yake utulivu.

Kwa msafiri, sharti la mkoba ndilo la kuzingatia. Furushi la mitumba halina nafasi maktabani, na pesa na hati ya kusafiria zisiachwe ndani ya mkoba unaokabidhiwa mlangoni. Jengo la umri huu pia halikosi fundi, kwa hiyo ni vyema kuulizia kwanza siku na saa za huduma.

Jiji lenyewe halina maktaba hiyo moja tu. Upande wa mashariki, mbali kidogo na katikati ya jiji, zipo matawi yake mawili: moja Kaloleni, mtaa uliojengwa miaka ya 1940, na jingine Makadara. Miaka mingi ya kusahauliwa ilikuwa imeyachosha majengo hayo. Mwaka 2017 waandishi na wachapishaji wawili Wakenya, Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, walianzisha taasisi ya Book Bunk, ambayo kwa ushirikiano na kaunti imeyakarabati matawi hayo mawili. Vitabu vilipangwa upya, na kumbi zikapata pia hadithi za watoto, mikutano na burudani. Mama anayeuza mboga karibu na hapo ana mahali pa kumwacha mtoto asome bila ya kumnunulia kitu.

Biashara ya kusoma

Anayefikiri kwamba maktaba haina uhusiano na biashara na aitazame foleni ya mpakani. Wafanyabiashara wadogo wengi huzisikia kanuni za forodha kwa mdomo wa dalali, na dalali ana bei yake. Ilhali zipo kanuni zilizowekwa kwa ajili yao. Mfano ni utaratibu wa biashara uliorahisishwa wa Jumuiya ya Afrika Mashariki: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na ambazo thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, zinaweza kuvushwa kwa cheti chepesi cha uasilia kinachotolewa hapo hapo mpakani.

Karatasi ya maelezo kama hayo ikisomwa kwenye foleni, huku dereva anapiga honi, haieleweki. Ikisomwa mezani kwa saa moja, pamoja na daftari la hesabu, inaweza kumwokolea mtu faida ya safari nzima. Hata asiye na la kujifunza anaweza kusoma gazeti la siku hiyo, kukokotoa matumizi yake, au kukaa tu mahali ambapo hakuna anayemuuzia kitu. Baada ya siku nzima ya kupatana bei, hilo nalo ni pumziko.

Miji mingine ya safari

Mgeni wa Dar es Salaam naye ana pake. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, iko Barabara ya Bibi Titi Mohamed, si mbali na Kariakoo. Mombasa ina historia ndefu zaidi. Maktaba ya Seif bin Salim ilianzishwa mwaka 1903, na katika jina lake la awali lilikuwamo tamko la chumba cha kusomea bure. Mjini Kigali, wanachama wa klabu ya Rotary walianza mwaka 2000 kuchangisha fedha za maktaba ya umma, ya kwanza nchini Rwanda. Ilifunguliwa mwaka 2012, baada ya miaka 12 ya subira.

Neno "bure", hata hivyo, halilindwi na jina peke yake. Maktaba nyingi za ukanda huu huazimisha vitabu kwa wanachama tu, na baadhi humtoza mtu mzima ada ndogo mlangoni. Kwa mwenye mshahara, ada hiyo si kitu. Kwa muuza ndizi ni nauli ya daladala, naye akishaona dirisha la malipo hugeuka na kurudi kusimama juani. Hoja ya walezi wa maktaba ni kwamba umeme, vitabu na walinzi vinalipiwa. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini swali linabaki ni nani alipe.

Nchini Kenya jibu lina mahali pa kuanzia. Katiba ya 2010 iliziweka maktaba miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti, na masoko yamo katika orodha hiyo hiyo. Maana yake ni kwamba mkono unaokata tiketi ya ushuru wa soko asubuhi ndio wenye dhamana ya taa na viti vya maktaba. Tiketi hiyo haimuulizi muuzaji ametoka nchi gani. Anailipa Mkenya, anailipa Mtanzania, anailipa Mganda.

Kwa hiyo anayepanda ngazi zile za Barabara ya Banda na vumbi la Namanga au Busia kwenye viatu hajaja kuomba hifadhi. Kiti anachokikalia ameshakilipia, shilingi kwa shilingi, pale sokoni. Kilichobaki ni kuingia, kuuacha mkoba, na kukaa hadi saa ya basi.