Hekalu la kale Kashmir ambalo kilima chake kina majina mawili

MGENI anayefika Srinagar, mji mkuu wa Kashmir upande wa India, hakosi kuona kilima kirefu kilichosimama kando ya Ziwa Dal. Kileleni, takriban mita 300 juu ya mji, pana hekalu la mawe la Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu.

Hekalu lenyewe si kubwa. Limejengwa juu ya jukwaa lenye pembe nane na ndani yake mna linga, jiwe ambalo ni ishara ya Shiva. Magari hufika karibu na kilele, lakini sehemu ya mwisho muumini huipanda kwa miguu, ngazi zaidi ya 200.

Kalhana, mwanahistoria wa karne ya 12, aliandika katika Rajatarangini, tarehe ya wafalme wa Kashmir, kwamba Mfalme Gopaditya ndiye aliyejenga hekalu mahali hapo. Hata hivyo, wataalamu hawajaafikiana kuhusu umri wa jengo lililopo sasa.

Jina linalotumiwa na Wahindu, Shankaracharya, linatokana na mwanafalsafa Shankara. Alizaliwa Kaladi, Kerala, kusini kabisa mwa India, na wasomi wengi humweka katika karne ya 8. Alifundisha kwamba nafsi ya mwanadamu na Brahman, uhalisi mkuu wa ulimwengu, ni kitu kimoja wala si viwili.

Kwa mujibu wa mapokeo, Shankara alizunguka India yote akijadiliana na wanazuoni, akafariki akiwa na umri wa miaka 32 tu. Inasimuliwa kwamba alipofika Kashmir alikaa kilimani humo akitafakari.

Simulizi moja husema alijadiliana na mwanamke msomi wa Kashmir kuhusu Shakti, nguvu ya kike ya uungu, hatimaye bingwa huyo wa hoja akasalimu amri. Wafuasi wake huamini ndipo alipotunga Saundarya Lahari, utenzi wa kumsifu mungu wa kike, ingawa wasomi kadha hutilia shaka kwamba ni kazi yake.

Waislamu, ambao ndio wengi katika Bonde la Kashmir, wana jina lao: Takht-e-Sulaiman, yaani Kiti cha Enzi cha Suleiman. Wao husimulia kwamba Nabii Suleiman alifika hapo. Aidha, Sultani Zain-ul-Abidin, Mwislamu aliyetawala katika karne ya 15, hutajwa miongoni mwa waliolikarabati hekalu hilo.

Kwa karne nyingi majina hayo yaliishi pamoja. Lakini uasi wa kutumia silaha ulipozuka mwaka wa 1989, na Wahindu wengi wa Kashmir kulihama bonde hilo kuanzia 1990, kutaja jina moja na kuacha jingine kulianza kuonekana kama kuchagua upande. Wanajeshi waliwekwa kulinda kilima, na wageni hupekuliwa kabla ya kupanda.

Pamoja na hayo, ibada haikukoma. Kila mwaka, katika msimu wa hija ya pango la Amarnath, watawa hupeleka fimbo takatifu hekaluni humo kwa maombi. Fimbo hiyo huitwa Chhari Mubarak, na neno la pili, lenye maana ya iliyobarikiwa, limetoka katika Kiarabu.