Ufahamu: Gundi ya Kuunganishia Faibaglasi

Soma makala yafuatayo kisha ujibu maswali.

Ndege ya mfano ni ndege ndogo inayorushwa na mtu aliye chini kwa kutumia rimoti. Kiwiliwili cha baadhi ya ndege hizi huundwa kwa faibaglasi, yaani nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu uliogumika. Faibaglasi ni nyepesi na imara, lakini haichomelewi kama chuma wala haipigiliwi misumari kama mbao. Aghalabu vipande vyake huunganishwa kwa gundi. Gundi ikiachia ndege ikiwa angani, bawa au injini huweza kung'oka, na injini inayoanguka haichagui kichwa. Kwa hivyo, uteuzi wa gundi si jambo la kubahatisha.

Wengi hukimbilia supagluu. Gundi hii iligunduliwa na Harry Coover, mwanakemia wa kampuni ya Kodak nchini Marekani, ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Hugumishwa na unyevu ulio hewani na juu ya vitu, na hushika kwa sekunde chache. Hata hivyo, ikigumika haipindiki. Huvumilia kuvutwa, lakini huvunjika inapotikiswa au kubanduliwa. Kwa kuwa injini hutikisika muda wote, supagluu yafaa kushikiza kipande kwa muda tu, si kubeba mzigo.

Gundi nyeupe ya mbao nayo hukauka kwa kupoteza maji. Mbao huyanyonya maji hayo, faibaglasi hainyonyi. Ikipakwa kati ya vipande viwili vya faibaglasi, maji hukosa njia ya kutokea, na kiungo hubaki dhaifu.

Gundi inayofaa zaidi ni epoksi. Huuzwa katika mirija miwili: mmoja una utomvu, mwingine una kigumishi. Viwili hivyo vikichanganywa, mmenyuko wa kikemikali hutokea na mchanganyiko hugumika bila kutegemea hewa wala kukauka kwa maji. Epoksi hushika faibaglasi, mbao na chuma pia, hivyo huweza kuunganisha ukuta wa plaiwudi unaobeba injini na kiwiliwili cha faibaglasi. Ipo epoksi ya dakika 5 na ya dakika 30. Kwa kawaida ile ya polepole huwa imara zaidi. Haraka haraka haina baraka. Wapo wanaozidisha kigumishi wakidhani kitaharakisha kazi. La hasha! Kigumishi kinachozidi hukosa utomvu wa kuungana nao, na gundi hubaki laini. Fuata vipimo vilivyoandikwa kwenye pakiti.

Hata epoksi bora haishiki mahali pachafu. Faibaglasi hutoka kwenye kalibu ikiwa laini, inang'aa na pengine ikiwa na nta iliyopakwa ili isigande humo. Ikwaruze kwa msasa hadi mng'ao uishe, kisha ipanguse kwa asetoni na usiiguse tena kwa vidole. Mikwaruzo huipa gundi mahali pa kung'ang'ania. Wakati wa kupiga msasa, vaa barakoa, kwani vumbi la kioo hudhuru mapafu. Unapochanganya epoksi, vaa glavu.

Mwisho, usidhani kwamba gundi nyingi ndiyo nguvu. Mkia uko mbali na kitovu cha uzito kuliko pua. Kwa mujibu wa kanuni ya momenti, gramu 1 iliyozidi mkiani huhitaji gramu kadhaa puani ili ndege isawazike. Paka utando mwembamba unaofunika kiungo chote, kibane kiungo, kisha usubiri.

Maswali

1. Kwa nini supagluu haifai kushikilia injini? (alama 2)
2. Linganisha namna gundi nyeupe na epoksi zinavyogumika. (alama 4)
3. Eleza kosa la anayezidisha kigumishi. (alama 2)
4. Eleza hatua za kuandaa faibaglasi kabla ya kupaka gundi. (alama 3)
5. Gundi nyingi mkiani huiathiri vipi ndege? (alama 2)
6. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumiwa katika makala: (alama 2)
(i) aghalabu
(ii) kubahatisha