KOMPYUTA INAYOCHUNGA WAKATI



Ndugu wasomaji, sisi Waislamu tunaujua uzito wa wakati. Kila sala ina wakati wake, na aliyepitiwa na usingizi hulipa kadha. Lakini zipo kazi za kompyuta ambazo hazina kadha. Gari likigonga, mfuko wa hewa wa kumkinga dereva lazima ujae kabla hata hajapepesa jicho. Ukichelewa, hata ukijaa vizuri, dereva ameshaumia. Jawabu sahihi lililochelewa ni sawa na kosa.

Ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta mna sehemu iitwayo kiini. Kiini ndicho kinachogawa zamu: kazi ipi ifanywe sasa na ipi ingoje. Katika kompyuta ya nyumbani, kiini hujaribu kuziridhisha programu zote. Katika kompyuta ya kuchunga wakati, kila kazi hupewa daraja, na yenye daraja ya juu ikiwa tayari, ya chini husimamishwa papo hapo. Kinachotakiwa hapa si kasi tu, bali ni uhakika kwamba kazi haitavuka muda wake.

Je, daraja peke yake zinatosha? Hebu tutazame mfano. Kabati la misahafu lina ufunguo mmoja, na anao mwanafunzi mdogo anayepanga vitabu. Ustadhi anauhitaji, basi anamngoja amalize. Mara wanakuja wanafunzi wakubwa wenye shughuli zao na kumwambia mdogo, "Tupishe kwanza!" Wao hawana haja na ufunguo, lakini tazama: ustadhi sasa anawangoja walio chini yake!

Jambo hili lilitokea kweli. Tarehe 4 Julai 1997, chombo cha Marekani kiitwacho Mars Pathfinder kilitua kwenye sayari ya Mirihi. Siku chache baadaye kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha yenyewe, na kazi zilizobaki za siku hiyo zikaahirishwa hadi kesho yake. Kazi ndogo ya kupima hali ya hewa ilishika kufuli ya kumbukumbu. Kazi kubwa ya kusimamia njia ya data ikaingoja. Kazi za kati, kama mawasiliano, zikaipita ile ndogo. Kazi kubwa ilipokosa kumaliza kwa wakati, ulinzi wa kompyuta uliona pana hitilafu, ukaanzisha kila kitu upya.

Wahandisi waliirudia hali hiyo duniani kwenye kompyuta kama ile, wakaigundua sababu. Dawa ilikuwamo tayari ndani ya kiini, ila ilikuwa imezimwa: anayeshika ufunguo hurithi kwa muda daraja ya mkubwa anayeungoja. Mwanafunzi mdogo akipewa heshima ya ustadhi, hakuna wa kumkatiza; humaliza upesi na kuurudisha. Wakatuma marekebisho hayo hadi Mirihi, na tatizo likaisha. Chombo kilichokusudiwa kufanya kazi siku 30 kilidumu karibu miezi mitatu.

Tunajifunza nini? Dalili za hitilafu hiyo zilionekana wakati wa majaribio kabla ya safari, lakini hazikufuatiliwa hadi mwisho. Kosa dogo tusilidharau. Na mdogo aliyeshika amana ya wengi tumsaidie aimalize, tusimsukume pembeni.

Wabillahi tawfiq.