Diski za Seva ya Nyumbani: Anza na Umeme

Anayetaka kuweka seva nyumbani Tanga, yaani kompyuta moja itakayobeba mashine pepe kadhaa, kwa kawaida huanza kwa kuuliza diski ziwe na ukubwa gani. Swali hilo lina wakati wake. La kwanza ni hili: umeme ukikatika saa nne usiku, diski hizo zitakuwa zinaandika nini?

Mkoa wetu una mitambo ya maji ya Hale, megawati 21, na Pangani, megawati 68, na bado giza linatukuta. Machi 2025, akizindua mradi wa maji wa Same–Mwanga–Korogwe, Rais Samia Suluhu Hassan alieleza kuwa umeme wa Kanda ya Kaskazini husafiri kutoka mbali na mwingine hupotea njiani, ndiyo maana serikali ikataka kununua wa Ethiopia. Mwenye seva apange diski zake akijua kwamba siku moja zitazimika ghafla.

Chukua nyumba ya Chumbageni yenye duka la vifaa vya shule uani. Mashine pepe moja inashika hesabu za duka, ya pili picha na nyaraka za familia, ya tatu inarekodi kamera nne za ulinzi. Programu ya Proxmox, inayopatikana bure tangu 2008, inaziendesha zote tatu juu ya kompyuta ya ofisini iliyotumika.

Kamera ndizo zinazokula diski. Kamera moja inayotoa megabiti 4 kwa sekunde huandika gigabaiti 43 kwa siku. Zikiwa nne ni zaidi ya 170, sawa na terabaiti 63 kwa mwaka. SSD (diski zisizozunguka) nyingi za bei nafuu za gigabaiti 500 zimepewa kikomo cha kuandikiwa terabaiti 120 hadi 300. Ukirekodi kamera humo, utafika kikomo ndani ya miaka miwili, ukibahatika mitano. Kamera zipewe diski yao ya kuzunguka, moja tu, bila mwenza. Ikifa, umepoteza video za wiki iliyopita. Hakuna atakayelia.

Hesabu na picha zikae kwenye SSD mbili zinazoandikiwa kitu kilekile kwa pamoja, diski pacha. Zinunue za kampuni mbili tofauti, kwa maana zilizotoka kiwandani siku moja zinaweza kufa wiki moja. Juu ya diski hizo weka ZFS, mfumo wa kuhifadhi mafaili. Mfumo huu haufuti maandishi ya zamani mpaka mapya yakamilike, kwa hiyo umeme ukikatika katikati, ya zamani unayakuta mazima. Isitoshe, kila kipande kina alama yake ya ukaguzi. Pacha mmoja akiharibika kimyakimya, hurekebishwa kutoka kwa mwenzake. Usizijaze diski hizo kupita asilimia 80, maana ZFS huanza kukokota.

Mafundi wengi watakushawishi uunganishe diski nne kwa RAID 5, mpangilio unaotawanya data kwenye diski zote, ili upate nafasi zaidi. Kwa mashine pepe mimi siishauri. Mashine pepe huandika vipande vidogo vidogo huku na kule, na RAID 5 hulazimika kusoma na kukokotoa upya kila kipande kabla ya kukiandika. Diski moja ikifa, zilizobaki husomwa mfululizo kwa saa nyingi ili kujenga mbadala, kwenye chumba chenye joto letu la Februari.

Joto hilohilo hula UPS, kifaa cha betri kinachoishikilia seva umeme ukikatika. Betri ya risasi hupoteza takriban nusu ya uhai wake kwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25, basi usiifungie kabatini. Chagua yenye waya wa USB, ili iiambie seva ijizime kwa utaratibu kabla betri haijaisha. UPS isiyozungumza na seva inaahirisha ajali kwa dakika kumi.

Pacha si nakala ya akiba. Mtoto akifuta folda ya picha, inafutika kwenye diski zote mbili papo hapo, na radi ya masika haichagui. Nakala iwe kwenye diski ya nje inayochomekwa mara moja kwa wiki, ichomolewe, ikalale nyumba nyingine, kwa mjomba Muheza ikibidi, mbali na chumvi ya bahari. Kuweka nakala kwenye mtandao ni nyongeza tu: Mei 12, 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya bahari, intaneti ya Tanzania ilidorora kwa siku kadhaa.

Fedha zikitosha kitu kimoja tu mwezi huu, nunua diski ya nakala. Pacha asubiri.