Katoni Tatu Zikipungua

Muulize mtu kazi nzuri ni ipi, atakwambia inayolipa vizuri. Ana haki ya kusema hivyo. Asiyejua kama mshahara utaingia tarehe 28 au katikati ya mwezi unaofuata hawezi kupanga kodi ya nyumba wala ada ya watoto, na semina za kutia hamasa hazimsaidii kitu.

Lakini mshahara una mpaka wake. Mwaka 1959 mwanasaikolojia wa Marekani, Frederick Herzberg, na wenzake walichapisha utafiti walioufanya kwa wahandisi na wahasibu wa eneo la Pittsburgh. Waligundua kwamba yanayomkera mtu kazini na yanayompa ari ni mafungu mawili tofauti. Malipo duni, msimamizi mkorofi na kanuni zisizoeleweka humchosha mtu. Ukiyarekebisha ataacha kunung'unika, basi. Ari inatoka kwenye kazi yenyewe: kukabidhiwa dhamana, kufanikisha jambo, kutambuliwa. Herzberg amepingwa sana tangu hapo. Mimi ninayeshughulika na masuala ya utumishi naona kuna jambo lililostahili nafasi kubwa zaidi kwenye mafungu yake, nalo ni woga.

Chukua ghala la vinywaji. Jioni karani anahesabu mzigo, anakuta katoni tatu hazipo. Huenda chupa zilivunjika wakati wa kushusha, huenda asubuhi zilihesabiwa mara mbili. Utaratibu wa pale anaujua: kikipungua kitu, anakatwa mshahara aliyekuwa zamu, na maelezo yake hayasikilizwi. Basi anaandika kwamba mzigo umetimia, na kesho yake anatafuta mteja wa kubambikiwa zile katoni. Tajiri anaamini ghala lake lina nidhamu kwa sababu vitabu havina doa.

Kwa Tanzania Bara, ukataji wa namna hiyo hata kisheria haufai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, na hasara iwe imetokea akiwa kazini tena kwa kosa lake. Mwajiri anatakiwa amweleze kwa maandishi chanzo cha deni na jinsi lilivyopigiwa hesabu, kisha ampe nafasi ya kupinga. Hata hapo, makato hayo hayapaswi kuzidi robo ya ujira wake wa fedha. Ni wachache wanaokijua kifungu hicho, na wengine wanaokijua wanaogopa kukitaja.

Amy Edmondson, mtafiti wa Marekani, alikutana na woga huo hospitalini katika miaka ya 1990. Alikuwa akichunguza makosa ya kuwapa wagonjwa dawa, akitarajia kwamba timu zinazoongozwa vizuri zingekuwa na makosa machache. Takwimu zikaja kinyume: timu hizo ndizo zilizokuwa na makosa mengi kwenye kumbukumbu. Alipochimba zaidi aliona maelezo yanayoingia akilini, kwamba kwenye timu nzuri watu walikuwa tayari kuyasema makosa yao, na kwingine yalifunikwa. Mwaka 1999 alichapisha makala kuhusu hali hiyo, ambayo wataalamu huiita usalama wa kisaikolojia.

Usalama huo haumaanishi kwamba wizi unasamehewa au mzembe anabembelezwa. Mwizi achukuliwe hatua. Karani aliyeripoti upungufu jioni ileile aulizwe kwanza mzigo ulishushwaje, nani alihesabu na karatasi ya kupokelea inasemaje. Msimamizi akianza na "nani atalipa?", hiyo ndiyo taarifa ya mwisho atakayoletewa kwa hiari.

Ukienda kwenye usaili, baada ya kuuliza habari za mshahara, likizo na michango ya NSSF, uliza pia mtu alipokosea pale mara ya mwisho mambo yalikwendaje. Wakikwambia hapo kwao hakuna anayekosea, fikiria mara mbili kabla ya kusaini mkataba.