Chui wa Sengi Kumi

Wajukuu, hapa kwetu Manono, Kongo, kuna watu wazima, wana watoto wao tayari, ambao tangu wazaliwe hawajanunua hata chumvi kwa sarafu. Sokoni tunashika noti za franka, zimelegea kama majani ya mhogo yaliyopondwa, na tunashika dola. Basi. Ndiyo maana mtoto akiokota kiduara chepesi cha alumini chenye picha ya chui, huuliza kama ni kifungo cha koti.

Si kifungo. Ni sengi 10, sarafu ya mwaka 1967. Mwaka ule serikali ya Mobutu iliondoa franka za zamani ikaleta zaire: franka 1,000 zikawa zaire 1. Zaire moja ilikuwa makuta 100, na likuta moja lilikuwa sengi 100. Msicheke nikiwaambia kwamba zaire hiyo moja ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Chui wetu ndiye aliyekuwa mdogo wa ukoo: walihitajika chui elfu moja kutimiza zaire 1. Juu yake lilikuwepo likuta 1, nalo la alumini, kisha makuta 5 yenye uso wa Mobutu mwenyewe.

Sasa, chui alikufaje? Watu hudhani sarafu hufa siku serikali inapoifuta. Mimi naona hufa mapema zaidi, siku ile inapoanguka njiani na hakuna anayeinama kuiokota. Bei zilipanda, zikapanda tena, hadi sengi 10 hazikununua hata njugu moja. Muuzaji akazikataa, mnunuzi akaziacha kwenye kopo nyumbani. Serikali ikatengeneza sarafu kubwa zaidi: zaire 1 na zaire 5 mwaka 1987, zaire 10 mwaka 1988. Nazo zikafuata njia ileile, haraka kuliko chui.

Baada ya hapo karatasi ikachukua nafasi ya chuma, na karatasi haina aibu, unaweza kuiandikia sufuri kadiri upendavyo. Mwisho wa mwaka 1992 ikatoka noti ya zaire milioni 5. Januari 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, na wanajeshi wakavamia maduka ya Kinshasa. Mwaka huohuo ikaja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Watu wa Kasai waliikataa, wakaendelea kutumia noti zao kuukuu. Hawakukosea sana, maana katika mwaka 1994 peke yake bei zilipanda kwa zaidi ya asilimia 9,000. Mwaka 1998 zaire mpya 100,000 zikabadilishwa kwa franka 1, franka hii tunayotumia leo.

Chukueni kijiti mpige hesabu mchangani. Franka 1 ya mwaka 1998 ni zaire mpya 100,000. Kila moja ya hizo ni zaire za zamani milioni 3. Hapo mna zaire bilioni 300. Kila zaire ina chui 1,000. Kwa hiyo franka 1 ni sawa na chui trilioni 300. Na leo franka 1 hiyo haionekani sokoni, maana dola 1 inataka zaidi ya franka 2,000.

Msidhani ni sisi tu. Marekani wana senti yao, waliyoitumia tangu mwaka 1793. Kufikia 2024 kutengeneza senti 1 kuliwagharimu karibu senti 4, yaani kila waliyoitoa ilikuwa hasara. Kanada walikwishaacha kutengeneza yao mwaka 2012. Wamarekani walisitasita hadi Novemba 2025, ndipo senti ya mwisho ya matumizi ya kawaida ikapigwa muhuri Philadelphia.

Jina la Philadelphia likumbukeni, kwa sababu lina habari zetu. Wakati wa vita vikuu vya pili Ubelgiji ilikuwa chini ya Wajerumani, na sarafu za Kongo hazikuweza kutengenezwa Brussels. Mwaka 1943 zikatengenezwa Philadelphia: franka 2 za shaba ya njano, zenye pembe sita, na tembo upande mmoja. Miaka hiyohiyo bati la Manono lilitafutwa sana, kwa kuwa Wajapani walikuwa wameteka migodi ya Malaya. Mababu zenu walichimba hapa, kwa umeme wa maporomoko ya Piana-Mwanga.

Iko sarafu nyingine inayotugusa kwa uchungu. Mwaka 1961 Katanga ya Tshombe, iliyojitenga, ilitoa franka 1 na franka 5 za shaba iliyochanganywa na bati. Upande mmoja kuna ndizi, upande wa pili msalaba wa shaba, ule waliotumia wahenga wa Katanga kama mali karne nyingi kabla ya Mzungu. Lakini Januari mwaka huohuo wapiganaji wa Balubakat, chama cha Jason Sendwe, walikuwa wameshika Manono, na Machi askari wa Tshombe wakaurudisha mji kwa nguvu. Kuna nyumba hapa ambako ndizi zile hazikupendwa. Lakini mkusanyaji wa sarafu hachagui za kupenda tu, huweka zote.

Kukusanya kwenyewe kunataka macho. Tazameni franka 1 ya miaka ya 1920 yenye kichwa cha mfalme Albert, aliyeupa mji wa Kalemie jina lake la zamani, Albertville. Ziko zilizoandikwa Kifaransa na ziko zilizoandikwa Kiflamandi. Mtu wa kawaida huona moja, mkusanyaji huona mbili. Tazameni pia senti za mfalme Leopold za mwaka 1887, zenye tundu katikati ili zitungwe kwenye kamba. Uzee peke yake haupandishi bei: sengi 10 ni za zamani ila zilitengenezwa nyingi mno. Kinachotafutwa ni uchache, na hali nzuri. Kwa hiyo mkome kusugua sarafu kwa mchanga na ndimu! Ikishang'aa hivyo mnunuzi hupunguza bei papo hapo. Ishikeni ukingoni, iwekeni pakavu, mwandike mliipata kwa nani. Na misalaba ya shaba iliyozikwa na wafu kule Sanga, kwenye mto Lualaba, iacheni kwa wafu na wataalamu.

Mkiniuliza muanze na nini, sitawatuma mkatafute fedha ya Leopold. Tafuteni noti ya franka 50, ile yenye kinyago cha Wachokwe, Mwana Pwo. Wauzaji wengi wameanza kuitazama kwa dharau. Pateni moja isiyokunjwa, muiweke katikati ya kitabu kinene kabla haijaisha, maana karatasi, tofauti na chui, haidumu ardhini hata masika mawili.