Karatasi Nyeupe Isimtishe Mchoraji

Hapana mchoraji asiyeijua hofu ya karatasi nyeupe. Mkulima aingiapo shambani hukuta kazi ya jana ikimngoja. Karani afikapo ofisini hukuta barua za kujibiwa. Lakini mchoraji hukuta weupe mtupu, usiomwonyesha pa kuanzia.

Kwa vijana wa Lodwar na Kakuma hofu hiyo huzidi kwa sababu ya gharama. Kutoka Kitale, penye maduka makubwa, hadi Lodwar ni mwendo wa kilomita karibu 300, na Kakuma iko mbele zaidi. Basi aliyedunduliza fedha akapata karatasi moja nzuri huogopa kuiharibu. Huiweka sandukuni, na mwaka hupita bila picha.

Dawa ya kwanza iko karibu, nayo ni mchanga. Lodwar kuna kingo za mto Turkwel. Kakuma kuna mto Tarach, ambao huwa mkavu sehemu kubwa ya mwaka. Hapo mtu aweza kumchora ngamia kwa kijiti mara ishirini, akamfuta kwa kiganja, wala asipoteze senti moja. Mkono uliozoea mchangani hautetemeki mezani.

Dawa ya pili ni katoni tupu ya sabuni au majani ya chai. Haina thamani ya kuogopewa, na tena rangi yake ni ya udongo, si nyeupe.

Dawa ya tatu ni kuuondoa weupe wenyewe. Wachoraji wengi wa zamani wa Ulaya walipaka kwanza rangi moja nyepesi mahali pote, ndipo wakaanza picha. Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za baiskeli juu ya mbao za ujenzi, mara nyingi aliweka mnyama mmoja tu juu ya rangi moja iliyotanda. Turkana rangi ya kutandaza haina haja ya kununuliwa: udongo mwekundu uliochekechwa kwa kitambaa, ukachanganywa na maji na gundi ya mgunga, watosha. Gundi ya namna hiyo ndiyo itiwayo viwandani katika rangi za maji.

Rangi hiyo ikauke, kisha itazamwe kwa utulivu. Leonardo da Vinci wa Italia, aliyefariki mwaka 1519, aliwashauri wachoraji watazame madoa ya ukutani, maana humo akili huona milima, miti na watu. Doa likifanana na mbuzi, basi picha imekwisha kuanza.

Lakini wako watu ambao ugumu wao si ukosefu wa jambo la kuchora, bali wingi wake. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 kwa ajili ya waliokimbia vita vya Sudan, na baadaye wakaja wengine kutoka Somalia, Ethiopia, Kongo na Burundi. Atakaye kuchora kwao alikokuacha hushindwa, kwa kuwa nchi nzima haienei katika karatasi moja. Mtu huyo na aanze na kitu kimoja: mlango, chungu, au mti uliokuwa uani. Kimoja kikisimama, huvuta cha pili. Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro aliyefundishwa Makerere na Margaret Trowell, aliendelea kuchora maisha ya Wachagga hata alipokuwa akisoma London, mbali na migomba yao.

Huenda picha ya kwanza ikawa mbaya. Hiyo si hasara, maana imemfundisha mwenyewe lililokosekana, na karatasi iliyobaki sandukuni haikumfundisha neno. Tena kumbukumbu za nyumbani hufifia mwaka hata mwaka. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.